Jicho, Daftari na Mtoto wa Nakivale

MWALIMU WA TIMU: Sina uadui na hesabu, maana hata mabao ni hesabu, na hakuna timu iliyopata kutwaa kombe kwa kukataa kuhesabiwa, lakini siwezi kukubali kwamba mtu aketiye Mbarara mjini mbele ya mashine, akiwa na majedwali yaliyotungwa kwa ajili ya viwanja vya majani laini vya Ulaya, ndiye aniambie ni nani miongoni mwa vijana wa kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale aliye mchezaji na ni nani asiye mchezaji. Uwanja wetu ni wa udongo, una mteremko upande mmoja, masika huteleza na kiangazi hutimua vumbi, na mpira uliopigwa chini kwa ufundi wote hukutana na jiwe njiani ukamfikia mwenzako kifuani badala ya mguuni. Kikija kipimo kikasema kwamba beki wangu hufikisha pasi sita katika kila kumi, nauliza: kimempima beki, au kimeupima udongo?

MTUNZA TAKWIMU: Kwa heshima yako, Mwalimu, swali hilo ni la haki, na mtu wa takwimu asiyejiuliza hivyo hastahili kushika kalamu. Lakini nami nina swali juu ya jicho, ambalo watu wamezoea kuliamini bila kulihoji. Msaka vipaji akitoka Mbarara hufika mara moja, aghalabu alasiri, akasimama kando ya mstari mmoja, akatazama watu 22 kwa dakika 90, ilhali kila mmoja wao huwa na mpira mguuni kwa dakika chache mno. Kisha huondoka akiwa amekumbuka aliyefunga, aliye mrefu na aliyekimbia kwa mbwembwe karibu na mahali alipokuwa yeye. Yule kiungo mdogo wa umbo, ambaye mara ishirini alisimama pale ambapo adui angetaka kupitisha mpira, asipitishe, amesahauliwa kabla gari halijafika barabara ya lami. Daftari halisahau, wala halivutiwi na urefu wa mtu.

MWALIMU WA TIMU: Daftari halisahau kile lilichoandikiwa, na hapo ndipo penye shaka yangu. Wafugaji wa Ankole tunaoishi jirani nao humjua ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi, kwa pembe na kwa mwendo, wakajua ni yupi atakayeongoza kundi na ni yupi atakayelivuruga, na elimu hiyo hawakuipata katika jedwali lolote. Wameipata kwa kulala na kuamka pamoja na mifugo yao. Mimi nami nimelala na kuamka na vijana hawa. Najua ni nani aliyekuja mazoezini bila kula, ni nani hucheza vibaya siku ambayo baba yake amelewa, na ni nani, timu ikiwa imefungwa mabao matatu, huuokota mpira wavuni na kukimbia nao katikati ya uwanja ili mchezo uendelee. Tabia hiyo utaiandika katika safu gani?

MTUNZA TAKWIMU: Mfugaji huyohuyo, Mwalimu, akiyapeleka maziwa yake kwenye kituo cha kukusanyia, huyapima kwa lita, kisha hutumbukizwa chombo cha kugundua kama yametiwa maji, na hakuna mnunuzi anayelipa kwa kusimuliwa uzuri wa pembe. Mjuzi hudharauliwa na wanunuzi wasiomjua. Kipimo ndicho kimfanyacho aaminiwe na mgeni. Wewe unawajua vijana wako kwa yakini, nakiri. Lakini ujuzi wako unaishia pale sauti yako inapoishia. Kocha wa klabu ya Mbarara hakujui. Ukimwambia kwamba unaye kiungo wa ajabu, ataitikia kwa adabu na kusahau, kwa sababu kila mwalimu wa kila kijiji amemwambia maneno yayo hayo. Ukimpelekea mechi kumi na tano zilizoandikwa, kila pasi na mahali ilipopigwa, kila mpira uliopokonywa na dakika yake, hapo atalazimika ama kukuamini ama kuja kutazama.

MWALIMU WA TIMU: Na hiyo elimu ya kuandika kila kitu, imethibitishwa wapi kwamba inamwona mchezaji kuliko inavyomficha?

MTUNZA TAKWIMU: Nitakupa mfano wa mchezo ulio mbali nasi, kwa sababu huko mjadala huu ulipiganwa hadi mwisho: hoki ya barafuni. Kwa miaka mingi ligi kuu ya Amerika Kaskazini ilimpima mchezaji kwa kile walichokiita jumlisha na toa, kipimo kilichowekwa rasmi msimu wa 1967–68: timu yako ikifunga ukiwa barafuni unaongezewa moja, ikifungwa unapunguziwa moja. Kinaonekana kipimo cha insafu. Kumbe mabao katika hoki, kama katika soka, ni machache, na machache hutawaliwa na bahati. Mchezaji hodari mwenye golikipa dhaifu nyuma yake alionekana mzigo, na mvivu mwenye golikipa hodari akaonekana nguzo. Wakaja watu waliosema: tuhesabu kila shuti lililoelekezwa golini, liwe limelenga, limekwenda nje au limezuiwa njiani, la kwetu na la adui, wakati mchezaji fulani yumo barafuni; kwa kuwa mashuti ni mengi, bahati hupungua na tabia ya mchezo hudhihirika. Kipimo hicho huitwa Corsi. Timu ya Toronto ilipofika hatua ya mchujo mwaka 2013, watu wa Corsi walitahadharisha kwamba ushindi wake unaelea, maana ilikuwa ikizidiwa mashuti karibu kila usiku, wakachekwa. Msimu uliofuata timu ikaporomoka katika majuma ya mwisho na kuukosa mchujo, na mwaka 2014 klabu hiyohiyo ikamwajiri Kyle Dubas, kijana aliyejulikana kwa kuamini takwimu, awe msaidizi wa meneja mkuu. Jicho la wengi lilidanganyika. Hesabu ya wachache ilisema kweli mapema.

MWALIMU WA TIMU: Umesimulia nusu ya kisa, nami nitakikamilisha, kwani nimekisoma. Jim Corsi, ambaye jina lake kimepewa kipimo hicho, alikuwa mwalimu wa magolikipa wa timu ya Buffalo, na aliyahesabu mashuti ili ajue magolikipa wake wamefanya kazi ngapi na wamechoka kiasi gani. Hakuwa na nia ya kuwapima washambuliaji wala mabeki. Watu wengine ndio walioichukua hesabu iliyozaliwa kwa kusudi moja wakaitwika kusudi jingine. Na huko nako, iligunduliwa baadaye kwamba mchezaji anayetumwa na mwalimu wake kila mara kuanzia mchezo karibu na lango lake mwenyewe, dhidi ya washambuliaji wakali kuliko wote, huonekana hafifu katika Corsi, ilhali anabeba kazi ambayo hakuna mwingine angeithubutu. Aliyeaminiwa kuliko wenzake akaandikwa kuwa duni kuliko wenzake! Mimi ninaye beki wa namna hiyo. Kila mshambuliaji wa kuogopwa anayetoka kanda za Juru au Rubondo humu Nakivale, yeye ndiye nimkabidhiye. Daftari lako litamwonyesha akipitwa mara nyingi kuliko beki wa upande wa pili, anayekabana na watoto waliolala njaa.

MTUNZA TAKWIMU: Nani aliyeligundua kosa hilo la Corsi, Mwalimu? Waliligundua watu wa hesabu wenyewe, kwa kuhesabu zaidi: wakaandika pia mahali ambapo kila mchezaji huanzia, na ubora wa wapinzani anaokutana nao, wakakirekebisha kipimo. Jicho likikosea hapana mahali pa kulisahihishia. Linakwenda na kosa lake hadi kaburini likiliita uzoefu. Hesabu ikikosea, kosa lake limeandikwa, na yeyote ajaye anaweza kulionyesha kwa kidole.

MWALIMU WA TIMU: Yeyote ajaye, ndiyo, lakini hufika lini? Mwaka 1950 Mwingereza mmoja, Charles Reep, aliyekuwa mhasibu katika jeshi la anga, alianza kuandika kwa kalamu kila tukio la mechi za soka, akaendelea hivyo kwa miaka na miaka, akahitimisha kwamba mabao mengi hutokana na pasi tatu au pungufu. Kutokana na hitimisho hilo wakatokea walimu waliowafundisha watoto kuupiga mpira mbele kwa nguvu na kuukimbilia. Kosa lake lilikuwa wazi kwa anayefikiri: ikiwa takriban mashambulizi yote katika mchezo hukatika kabla ya pasi ya nne, ni lazima mabao mengi yatoke humo, kwa kuwa ndimo majaribio mengi yamo, na hilo halithibitishi hata kidogo kwamba pasi chache ni bora. Lakini kosa hilo wazi lilivaa joho la elimu, na watoto wa kizazi kizima wakanyimwa kufundishwa kuutuliza mpira. Mimi nikikosea, nimekosea katika uwanja mmoja wa Nakivale. Hesabu ikikosea, hukosea nchi nzima.

MTUNZA TAKWIMU: Na ikisema kweli, huwanufaisha wengi vilevile. Klabu ya Midtjylland ya Denmark, iliyoingia mikononi mwa mtu wa hesabu, Matthew Benham, mwaka 2014, ilitwaa ubingwa wa nchi yake mwaka 2015 kwa mara ya kwanza katika historia yake. Na Brentford, klabu nyingine ya Benham, ikapanda ligi kuu ya Uingereza mwaka 2021, mahali ambapo haikuwahi kuonekana tangu 1947. Hazikuwa klabu tajiri kupita wenzao. Walichokuwa nacho ni kuuliza kila shuti lilipigwa kutoka wapi, kwa mguu gani, likiwa na mlinzi mbele yake au bila mlinzi, kisha kulipa kila moja thamani yake: penalti hufungwa takriban mara tatu katika kila nne, shuti la mbali pembeni mwa uwanja huenda lisifungwe hata mara moja katika thelathini. Haya ndiyo yanayoitwa mabao yanayotarajiwa. Klabu maskini ndiyo inayohitaji elimu hii zaidi, maana tajiri akikosea hununua mwingine. Na ni nani aliye maskini kuliko timu ya kambi?

MLEZI: Niwakatize, wanangu, kwa kuwa mnasemezana juu ya idadi kana kwamba ni jambo lililotufikia jana kwa njia ya mpira. Sisi tunahesabiwa tangu tulipovuka mpaka. Mwaka 2018 tulipangwa foleni tukachukuliwa alama za vidole na picha za mboni za macho, na wakimbizi wa Uganda waliokuwa wakitajwa kuwa milioni 1.4 wakaonekana kuwa kama milioni 1.1, majina hewa yaliyokuwa yakiandikiwa riziki yakafutwa, nami nikashukuru, maana hesabu ilimfichua mwizi. Mwaka 2023 tukahesabiwa tena kwa namna nyingine: tukagawanywa mafungu matatu kwa kadiri ya udhaifu wetu, fungu la kwanza lipewe asilimia 60 ya posho, la pili asilimia 30, na la tatu lisipewe kitu. Nina jirani, mjane, aliyeangukia fungu asilostahili kwa sababu karatasi ilimwona ana mtoto mkubwa nyumbani na haikuona kwamba mtoto huyo hawezi kuinuka kitandani. Basi nimeiona hesabu ikitenda haki, na nimeiona ikidhulumu, na mara zote mbili aliyeishika alikuwa mbali na mlango wangu. Mtoto ninayemlea, wa marehemu dada yangu, ndiye kiungo mdogo mnayemzungumzia. Kabla ya kujua kama takwimu zenu zina akili, nataka kujua zitakaa kwa nani.

MTUNZA TAKWIMU: Mama, maneno yako ni mazito, nami siyapuuzi. Lakini angalia tofauti iliyopo: hesabu ya posho ilifanywa ili kupunguza; hii yangu inafanywa ili kufungua. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto wako, akishakuwa mtu mzima, uhuru wa kusafiri na kufanya kazi katika Uganda. Hata hivyo nauli ya kutoka Nakivale hadi uwanja wa Kakyeka, Mbarara, haiandikwi katika sheria, na klabu haitampelekea nauli mtu isiyemjua. Kumbukumbu ya mechi zake inasafiri bila nauli.

MLEZI: Inasafiri bila nauli, na bila mimi. Tena umetaja kuwa mtu mzima. Je, unajua ana miaka mingapi? Katika karatasi zake amezaliwa tarehe 1 Januari, kama walivyozaliwa nusu ya watoto wa mtaa wetu, kwa sababu tulipofika aliyeandika alituuliza tarehe nasi tulikuwa tumekimbia na roho zetu tu. Mwaka wenyewe niliukadiria. Mkimlinganisha na wa umri wake, mnamlinganisha na nani?

MWALIMU WA TIMU: Hapo, Mama, umeshika mzizi wa jambo. Katika soka la vijana, tofauti ya miezi kumi ni tofauti ya kifua, ya mapaja na ya pumzi. Jedwali likisema kwamba kijana wa miaka kumi na mitano hushinda mapambano ya mpira kuliko wenzake wote, huenda limegundua kipaji, na huenda limegundua kijana wa miaka kumi na saba. Mimi, nisiyejua tarehe yake, naona ndevu zinavyoanza kuota, nasikia sauti inavyovunjika, nami nasubiri. Hesabu haijui kusubiri.

MTUNZA TAKWIMU: Hesabu ndiyo ijuayo kusubiri, Mwalimu, kwa kuwa inaandika mwaka baada ya mwaka na kuonyesha mwendo wa ukuaji, ilhali msaka vipaji huamua kwa siku moja. Na nikubali kwa uwazi: pale ambapo umri hauna yakini, vipimo vya nguvu na mbio nitaviweka kando, nihesabu yale yasiyotegemea misuli sana: anatazama mara ngapi kabla ya kupokea, anatoa pasi upande gani, anapoteza mpira mahali gani. Mwenye akili ya mchezo huonekana humo hata akiwa mdogo wa umbo.

MWALIMU WA TIMU: Basi tuyaache majedwali, tuwatazame watu wenyewe. Bernard Kamungo alizaliwa na kukulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wa wazazi Wakongomani, akahamia Abilene, Texas, na jamaa zake mwaka 2016. Alipata njia ya kuingia soka la kulipwa kwa kwenda kwenye majaribio ya wazi ya klabu ya North Texas, mahali ambapo mtu yeyote huja na viatu vyake na kucheza mbele ya macho ya watu. Akapanda hadi FC Dallas, akaifunga Inter Miami mwaka 2023, na Januari 2024 akavaa jezi ya taifa la Marekani. Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya takwimu za utoto. Walimu walimtazama wakamwona. Mngekuwa na mlango wa kuandikiwa kwanza, angesimama nje.

MTUNZA TAKWIMU: Mfano wako unanipa nguvu mimi. Kamungo alionekana alipofika Texas. Alikuwa na miguu ileile Nyarugusu, kwa miaka yote aliyoishi huko, na hakuna jicho lililomwona. Ilibidi bahari ivukwe kwanza. Niambie ni wangapi waliocheza naye katika vumbi lile ambao hawakupata safari, na wako wapi leo. Na Awer Mabil, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1995, akahamia Australia akiwa mtoto, kisha akasajiliwa mwaka 2015 na Midtjylland, klabu ileile ya hesabu niliyoitaja. Naye ndiye aliyefunga penalti dhidi ya Peru iliyosaidia kuipeleka Australia Kombe la Dunia la 2022. Jicho limewaona watoto wa makambi baada ya kutoka makambini. Ninalolitafuta mimi ni chombo cha kuwaona wakiwa humu. Kakuma kilipatikana chombo kimoja: mwaka 2015 zilifanywa mbio za majaribio chini ya mwanariadha Tegla Loroupe, saa ikapima, na watano kati ya wanamichezo kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio wakatoka kambi hiyo. Saa haikuuliza wametoka wapi.

MWALIMU WA TIMU: Saa hupima mbio, na mbio ni mtu mmoja na njia yake. Soka ni watu kumi na mmoja na wengine kumi na mmoja, na thamani ya mmoja hutegemea wale ishirini na mmoja. Umetaja hoki, basi tazama walio jirani zetu. Nairobi, katika hoteli ya Panari, ulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, na vijana wa Kenya wakaanzisha timu ya Ice Lions, wakaalikwa Toronto mwaka 2018, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Kwa miaka mingi hawakuwa na timu jirani ya kupambana nayo. Walicheza wao kwa wao. Ungechukua Corsi ya mchezaji wao, ungepata nini? Ungepata namba zilizo safi kabisa, zisizo na maana nje ya ukumbi ule. Timu zetu za Nakivale zinachezeana zenyewe kwa zenyewe karibu mwaka mzima. Kijana anayetawala mechi hizi, utajuaje kwamba atatawala Mbarara?

MTUNZA TAKWIMU: Sitajua kwa yakini, nitajua kwa dhana iliyo bora kuliko yako. Na dawa yake ni mechi za pamoja: zikichezwa mechi chache kila mwaka baina ya timu za Nakivale na za Mbarara, kisha zikaandikwa, tutapata daraja la kuunganisha namba za huku na za kule. Upungufu wa kipimo ni sababu ya kukiongezea ushahidi. Hauwi sababu ya kukitupa.

MLEZI: Na mabinti? Mmezungumza tangu mwanzo, sijasikia hata mmoja wenu akiwataja. Wapo wanaocheza vizuri kuliko hawa wavulana, lakini saa ya mazoezi ndiyo saa ya maji na kuni. Mkiandika mechi, mtaandika za walio na nafasi ya kucheza, kisha baada ya miaka mitano mtafungua daftari na kusema: tazameni, kipaji cha Nakivale ni cha wavulana. Kutohesabiwa kutakuwa kumegeuka hukumu.

MTUNZA TAKWIMU: Hilo ni kweli, Mama, na sina jibu la kutosha, ila kusema kwamba jicho la msaka vipaji nalo halijawahi kuwatazama, na kwamba safu tupu katika daftari ni aibu inayoonekana, ilhali aibu ya jicho haionekani na mtu.

MWALIMU WA TIMU: Aibu inayoonekana haimpi msichana ndoo ya maji. Lakini nina hoja iliyo nzito zaidi, na ndiyo inikoseshayo utulivu. Mtoto akijua kwamba anahesabiwa, hubadilika. Mwambie mshambuliaji kwamba mashuti ya mbali yanashusha thamani yake, ataacha kupiga hata lile moja ambalo moyo wake umemwambia apige. Mwambie kiungo kwamba pasi iliyopotea huandikwa, atapasia nyuma maisha yake yote. Mchezo kwa watoto hawa ni mahali pekee ambapo hakuna karani anayewatazama. Wameulizwa maswali mpakani, ofisini, zahanati na shuleni. Uwanjani wanakosea bila kuulizwa. Unataka kuwaondolea hata hapo?

MTUNZA TAKWIMU: Na neno lako, Mwalimu, haliwabadilishi? Mara ngapi mwalimu amemwambia mtoto mbele ya wenzake kwamba hafai, mtoto akaondoka asirudi tena, na hukumu ile haikuwa na ushahidi wala rufani? Sisemi ni wewe. Nasema ni jambo litokealo katika viwanja vya dunia nzima. Ukisema kijana ni mzembe, atajitetea kwa nini? Akiwa na daftari anaweza kusema: tazama, nimeupokonya mpira mara tisa. Namba humpa mnyonge kauli mbele ya mwenye mamlaka, na mwenye mamlaka uwanjani ni wewe.

MWALIMU WA TIMU: Umenichoma, na nitajibu bila hasira. Ni kweli kwamba neno langu laweza kumvunja mtoto. Lakini nikimvunja nitakutana naye kesho kisimani, nitakutana na mlezi wake sokoni, nitaulizwa na wazee. Ninaishi ndani ya matokeo ya hukumu yangu. Namba ikimvunja haikutani naye popote. Imekwenda Mbarara, imekwenda Kampala, imehifadhiwa katika mashine ya mtu asiyeijua sura yake, na miaka mitatu baadaye, kijana amekua, amebadilika, bado inasema juu yake yale iliyoyasema alipokuwa na homa.

MLEZI: Sasa mmefika mlangoni kwangu, na mimi nitasema masharti. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, nayo kwa kawaida haiachi habari za mtoto zikusanywe bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo mtaniomba, na mtaniomba kwa Kiswahili ninachokielewa, mkinisomea kila kilichoandikwa. Daftari litakaa hapa Nakivale, na nakala itatoka kwa idhini. Mtoto akitaka yaliyoandikwa juu yake yafutwe, yafutwe. Na wala lisipewe mtu yeyote ajiitaye wakala, kwa maana tumewasikia wanaokuja na ahadi za Ulaya mkononi na kuondoka na akiba za watu. Kanuni za FIFA zenyewe zinakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi ila kwa masharti machache, lakini walaghai hawatusomei kanuni hizo.

MTUNZA TAKWIMU: Nakubali ridhaa, nakubali kusomewa, nakubali kufutwa. Lakini daftari likikaa kwa Mwalimu peke yake, Mbarara haitaliamini, kwa sababu atakayeliandika ndiye anayenufaika mchezaji wake akichukuliwa. Ushahidi unaotunzwa na mwenye kesi huitwa madai. Lazima aandike mtu wa tatu, na lazima picha za video zipatikane kwa klabu itakayotaka kuhakiki.

MWALIMU WA TIMU: Aandike mtu wa tatu, nami sitashika kalamu. Lakini kando ya kila namba liandikwe lililoizaa: uwanja ulikuwa wa namna gani, mpinzani alikuwa nani, mtoto alipewa kazi gani, na kama umri wake ni wa yakini au wa kukisia. Namba isiyo na maelezo hayo isitoke Nakivale.

MTUNZA TAKWIMU: Ukiyaandika yote hayo, Mwalimu, kila mchezaji atakuwa na kurasa kumi, na kocha wa klabu, mwenye majina mia mezani, hatazisoma. Atatazama namba moja ya juu, au hatatazama kitu.

MLEZI: Asiyekuwa na subira ya kusoma kurasa kumi juu ya mtoto, simpi mtoto.

MTUNZA TAKWIMU: Ni haki yako, Mama, na hapana awezaye kukunyang'anya. Lakini klabu hiyo itachukua kijana mwingine, aliye karibu na barabara, ambaye mjomba wake anamjua kocha, kama ilivyokuwa kabla hatujaanza kuzungumza; na huyu wako atatimiza miaka ishirini, kisha ishirini na mitano, akicheza vizuri kila Jumamosi katika uwanja wenye mteremko. Siku hiyo akituuliza sisi watatu kwa nini jina lake halikufika popote, nani atakayemjibu, na atamjibu nini?